Kisanduku cha mchango kwenye ritani: nani alipie mafunzo ya uongozi ya vijana wa California?

Kila mwaka, kabla ya tarehe 15 Aprili, mamilioni ya wakazi wa California hujaza ritani mbili za kodi ya mapato, moja ya serikali kuu ya Marekani na nyingine ya jimbo. Karibu na mwisho wa ritani ya jimbo, iitwayo Fomu 540, hesabu zote zikiwa zimekwisha, hutokea orodha ya mifuko ipatayo ishirini. Ipo ya utafiti wa saratani, ya wagonjwa wa Alzheimer's, ya fisi-maji wa baharini, ya chakula cha familia zenye shida. Kwa miaka kadhaa katika muongo wa 2010 ilikuwamo pia ya kuwafundisha vijana uongozi na uraia.

Orodha hiyo huzua maswali, hasa kwa wahamiaji, wakiwamo wazungumzaji wa Kiswahili ambao kwao kodi ya mshahara hukatwa na mwajiri na wengi hawajawahi kushika ritani mkononi. Hii ni kodi nyingine? Nikiacha wazi nitaadhibiwa? Nikiandika dola 10, anayetoa ni serikali au ni mimi? Na huu mfuko wa uongozi wa vijana ni wa chama gani cha siasa?

Majibu yenyewe ni mafupi. Si kodi, na asiyeandika kitu hapati adhabu yoyote. Anayetoa ni mlipakodi mwenyewe. Chama cha siasa hakihusiki. Lakini mkanganyiko huo una chanzo chake, na ukiufuatilia unafika kwenye swali kubwa zaidi: kazi ya kuwaandaa vijana kuongoza jamii yao inastahili kulipiwa kwa njia gani?

Visanduku viwili visivyofanana

Chanzo cha kwanza cha utata ni kwamba Mmarekani huyo huyo, katika msimu huo huo, hukutana na visanduku viwili vinavyofanana kwa sura na kutofautiana kabisa kwa maana.

Kisanduku cha serikali kuu kilizaliwa na sheria ya mwaka 1971. Humuuliza mlipakodi kama anataka dola 3 ziende kwenye mfuko wa kampeni za urais; hadi 1993 kiasi kilikuwa dola 1. Anayekubali hapotezi kitu. Kodi yake haiongezeki na fedha anazorudishiwa hazipungui, kwa sababu dola hizo hutoka katika hazina ya taifa. Ni kama kura ndogo ya kuelekeza fedha ambazo serikali tayari inazo. Hata hivyo, karibu na mwaka 1980 waliokitia alama walikuwa zaidi ya robo ya waliowasilisha ritani, na leo hawafiki asilimia 5.

Kisanduku cha jimbo kina asili nyingine. Colorado ndiyo iliyotangulia, kwa sheria ya 1977 iliyowawezesha wakazi kuchangia hifadhi ya wanyamapori wasiowindwa. Majimbo mengine yakafuata haraka, California ikiwamo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hapa fedha ni za mlipakodi. Maelekezo ya Franchise Tax Board, mamlaka ya kodi ya mapato ya California, hayana utata: unachochangia ama kitapunguza fedha unazorudishiwa, ama kitaongeza kodi unayodaiwa. Kiasi huandikwa kwa dola kamili, kuanzia 1, na ukishawasilisha ritani huwezi kukibadilisha.

Mtu aliyejifunza kwenye fomu ya kwanza kwamba alama haimgharimu kitu anaweza kuikaribia ya pili kwa dhana hiyo hiyo. Mwingine hufanya kinyume: akiisha kuogopa kwamba kila mstari ni kodi, huruka vyote. Makosa yote mawili yanaeleweka, na lawama yake ni ya waliozipanga fomu zaidi kuliko wanaozijaza.

Kuna pia suala la nafuu ya kodi. Mchango wa mwaka huu unaweza kuhesabiwa kama sadaka katika ritani ya serikali kuu ya mwaka unaofuata, lakini kwa muda mrefu nafuu hiyo imewafaa wanaoorodhesha makato yao moja moja tu. Mageuzi ya kodi ya 2017 yalipandisha kato la kawaida la mtu asiye na mwenzi kutoka dola 6,350 hadi 12,000, na wengi wa waliokuwa wakiorodhesha wakaacha. Kuanzia mwaka wa kodi wa 2026 sheria mpya inawaruhusu hata wasioorodhesha kupunguza hadi dola 1,000 za sadaka ya fedha taslimu, au 2,000 kwa wanandoa wanaowasilisha pamoja. Kwa mtoaji wa dola 5, nafuu hiyo ni ya senti tu, na haimpi sababu ya maana ya kutoa.

Fedha ilikusudiwa ifanye nini

Mfuko uliojulikana zaidi katika fungu hili la uongozi wa vijana ulikuwa wa California YMCA Youth and Government. Ulikusudiwa kusaidia programu nne: hiyo ya YMCA yenyewe, African American Leaders for Tomorrow, Asian Pacific Youth Leadership Project, na Chicano Latino Youth Leadership Project. Mwanzoni mwa muongo wa 2010 ulikuwapo pia mfuko mwingine kando yake, California Youth Leadership Fund.

Programu ya YMCA ina historia ndefu. Wazo lilianzia Albany, jimbo la New York, mwaka 1936, pale Clement Duran alipowaingiza vijana katika bunge la mfano. California ilianza yake mwaka 1948. Wanafunzi wa sekondari hukutana kwa miezi katika vikundi vya mitaani kwao, huandika miswada, hujifunza kanuni za mjadala, kisha husafiri hadi Sacramento na kuendesha bunge na mahakama ya mfano katika makao makuu ya serikali ya jimbo. Humchagua hata gavana wao kijana. Chicano Latino Youth Leadership Project, iliyoanzishwa 1982, huwakusanya vijana wa asili ya Kilatino mji huo huo katika mkutano wa kiangazi.

Thamani ya kazi hii iko katika mazoezi. Shule za California humtaka mwanafunzi asome muhula mmoja wa serikali na uraia kabla ya kuhitimu, na somo hilo linaweza kumweleza jinsi mswada unavyopita kamati. Kusimama mbele ya wenzake, kuutetea mswada wake, kushindwa kwa kura tatu na kurudi mezani kuuandika upya ni mafunzo ambayo kitabu hakiyatoi. Tangu 2020 jimbo lina pia muhuri maalumu wa ushiriki wa kiraia unaobandikwa kwenye diploma ya mhitimu aliyefanya kazi ya kijamii yenye maana. Maana yake serikali imekwisha kukiri kwamba uraia hujengwa kwa vitendo.

Vitendo hivyo vina gharama. Kutoka San Diego hadi Sacramento ni takriban kilomita 800. Kuna nauli, hoteli, chakula na ada ya ushiriki. Mtoto wa wakili hulipiwa na wazazi. Mtoto wa mchuma matunda wa Bonde la Kati asipopata ufadhili hubaki nyumbani, na bunge la mfano humkosa yule hasa ambaye sauti yake hukosekana pia katika bunge la kweli. Kwangu mimi hapo ndipo uzito wa suala lote ulipo.

Hoja za wanaokitetea kisanduku

Watetezi husema kwanza kwamba ni njia ya hiari kabisa. Asiyependa programu hizi hachangii hata senti, kwa hiyo ugomvi wa kulazimishana haupo. Katika nchi ambako matumizi ya kodi hugombanisha watu kila mwaka, hilo si jambo dogo.

Pili, kisanduku humkuta mtu kwenye wakati mwafaka. Anayekaribia kurudishiwa dola 400 haoni uchungu mkubwa akizipata 395. Hahitaji kutafuta bahasha, kadi ya benki wala anwani. Mashirika madogo yasiyo na ofisi ya kuchangisha hupata mlango ambao yasingeweza kuufungua yenyewe.

Tatu, jina la mfuko kwenye fomu rasmi ni tangazo linalopita mbele ya mamilioni ya watu, hata kama wengi wao hulipita kwa haraka.

Hoja ya nne ndiyo nzito kuliko zote, ingawa husikika mara chache. Programu inayowafundisha vijana kuwahoji wenye madaraka haipaswi kuwategemea wenye madaraka hao kwa kila dola. Bunge likikasirishwa na mswada wa wanafunzi, au siasa zikigeuka, fungu la bajeti hufutwa kwa mstari mmoja. Wachangiaji elfu kumi waliotawanyika hawawezi kupigiwa simu wakaamriwa waache. Hoja hii ingenishawishi zaidi kama kisanduku chenyewe kingekuwa huru. Hakiko huru. Mfuko huingia kwenye fomu kwa sheria iliyopitishwa na bunge na kusainiwa na gavana, na muda wake ukiisha bunge ndilo linaloamua kama uongezwe. Uhuru uliopo ni wa kiasi cha fedha. Kuwamo au kutokuwamo kwenye fomu bado kunategemea wanasiasa.

Hoja za wanaokipinga

Wapinzani wana makundi mawili yasiyopatana yenyewe kwa yenyewe.

Kundi la kwanza linasema serikali haina haki ya kuyapandisha mashirika machache yaliyotajwa kwa majina. California ina vikundi vingi vinavyofundisha vijana uongozi, makanisani, misikitini, kwenye vyama vya wakulima na maktaba. Kwa nini hawa na si wale? Programu tatu kati ya nne zililenga vijana wa jamii fulani, na wapo wanaoona huo ni upendeleo. Watetezi hujibu kwamba jamii hizo ndizo zilizofungiwa nje ya madaraka kwa vizazi, na programu hizo zilianzishwa kuziba pengo hilo. Jibu hilo lina nguvu kuhusu lengo. Kuhusu utaratibu bado halitoshi: shirika lililomfikia mbunge mwenye mswada likaandikwa kwenye fomu limepata kitu ambacho lenzake, lenye kazi nzuri vilevile, halikupata nafasi hata ya kukiomba.

Kundi la pili linatoka upande mwingine. Linasema elimu ya uraia ni wajibu wa umma, na kuiweka kwenye orodha ya michango ni kuishusha hadhi. Mbunge akishapiga kura ya kuongeza mfuko kwenye fomu anaweza kurudi jimboni kwake na kusema amewasaidia vijana, ilhali hakutenga hata dola moja ya bajeti. Mswada wa namna hiyo ni rahisi kupita, kwa kuwa haumgharimu mtu yeyote aliye ukumbini. Naikubali hofu hii, kwani sheria inayoweza kupita bila jasho humwondolea mtunga sheria msukumo wa kupitisha ile ngumu.

Pamoja na hayo kuna msongamano. Kila mfuko mpya hushindania macho na dola zile zile. Mwenye dola 10 za kutoa, aliyemuuguza mama yake kwa saratani, hahitaji kuelezwa kwa nini ataandika kiasi chake kwenye mstari wa saratani. Waandaaji wa kodi na programu za kompyuta nao huipitisha sehemu hii haraka, kwa sababu kukamilika kwa ritani hakuitegemei.

Kima cha dola 250,000

Sheria ya kawaida ya mifuko hii inataka kila mmoja, kuanzia mwaka wake wa pili, ukusanye angalau dola 250,000 kwa mwaka, na kwa mifuko mingi kima hicho hupandishwa kufuata mfumuko wa bei. Ifikapo Septemba mamlaka ya kodi hukadiria kama mfuko utafikia. Usipofikia, kifungu chake cha sheria hufutwa na jina huondoka kwenye fomu. Hata unaofikia una ukomo wa miaka, na mageuzi ya 2016 yaliweka masharti ya jumla kwa mifuko mipya: muda wa miaka saba, na idara ya serikali ya kuusimamia kila mmoja.

Kima hicho kina sababu nzuri. Fomu ina nafasi chache, kila mstari una gharama ya kuchakatwa, na gharama za mamlaka ya kodi na za Mdhibiti wa Fedha wa jimbo hukatwa kwanza kabla mnufaika hajapata kitu. Mfuko unaokusanya kidogo sana ungeishia kulipia uendeshaji wake wenyewe. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hapa kibaba kisipojaa kwa wakati huondolewa.

Tazama hesabu inavyoiangukia programu ya vijana. Kwa wastani wa dola 5, kufika 250,000 kunahitaji wachangiaji 50,000. Kwa wastani wa dola 10, wachangiaji 25,000. Tuchukue kwamba familia 3,000 zenye watoto kwenye programu zinatoa dola 20 kila moja: zimepata 60,000, chini ya robo. Ili zifike peke yao, kila familia ingetoa dola 83 na zaidi kidogo, juu ya ada inayolipa tayari. Ugonjwa wa saratani una wafuasi katika karibu kila nyumba ya jimbo. Bunge la mfano lina wafuasi katika familia za waliopita humo tu, na wengi wao ni vijana ambao bado hawana kipato cha kukatia kodi. Faida yake ni pana, kwa sababu jimbo zima hunufaika na raia wanaojua kujadiliana, lakini shukrani yake ni finyu, kwa kuwa hakuna anayejua ni uamuzi upi bora wa miaka ishirini ijayo utakaotokana na mazoezi ya leo.

Sharti la kima hupima umaarufu. Halipimi umuhimu wala ubora wa kazi. Kwa mfuko wa wanyama wanaopendwa vipimo hivyo viwili vinaweza kwenda pamoja. Kwa elimu ya uraia huachana njia. Katika fomu za miaka ya karibuni, majina ya mifuko yote miwili ya uongozi wa vijana niliyoitaja hayapo tena.

Ulaya walijaribu vingine

Ipo njia ya kati. Hungary, kwa sheria ya 1996, ilimruhusu mlipakodi kuelekeza asilimia 1 ya kodi yake ya mapato kwa shirika la kijamii analolitaka. Poland ilifuata mwaka 2004 kwa asilimia 1, na sasa ni 1.5. Italia ina tano kwa elfu, yaani nusu ya asilimia, tangu 2006, na mlipakodi huandika namba ya kodi ya shirika lolote lililosajiliwa.

Mfumo huo hutibu maradhi mawili ya California kwa pamoja. Mtoaji hapungukiwi, kwa hiyo wengi zaidi hushiriki; na orodha iko wazi, kwa hiyo shirika halihitaji mbunge wa kulibebea mswada. Lakini gharama yake ni halisi. Fedha hizo zingelipa walimu au barabara, na serikali hulazimika kujikinga. Italia imeweka kikomo cha jumla cha kiasi kinachogawiwa. Tena mashirika makubwa yenye uwezo wa kujitangaza huvuna fungu kubwa. Kikundi cha vijana cha mji mdogo bado kitashindana na hospitali ya watoto, na kitashindwa.

Mizani inavyoelemea

Nikizipima hoja hizi, naona kisanduku kimetwishwa mzigo usio wake. Kinaweza kukusanya fedha za ziada, na hilo ni jema. Kukifanya nguzo ya elimu ya uongozi ni kuifunga elimu hiyo kwenye mashindano ambayo, kwa maumbile yake, haiwezi kushinda.

Gharama ya msingi, yaani nauli, malazi na ada kwa wanafunzi wa shule zenye umaskini mkubwa, inapaswa kutoka kwenye bajeti ya jimbo, kwa ushindani wa wazi ambao programu yoyote isiyofungamana na chama inaweza kuuingia. Hofu kuhusu uhuru wa programu inatibika kwa kutenga fedha za miaka kadhaa kwa mpigo na kuuweka uamuzi wa kuzigawa mbali na mikono ya wabunge wenyewe. Kinga hiyo ni imara kuliko ile ya kisanduku, ambacho kinaweza kufutwa Septemba yoyote kwa sababu watu walikuwa na mambo mengine akilini mwezi wa Aprili.

Kisanduku kikirudi, kirudi kwa umbo jingine. Uwe mfuko mmoja wa uongozi wa vijana usiotaja shirika, ili programu zote ziombe kutoka humo na nguvu zao za kuhamasisha zijumlishwe. Kima kipimwe kwa wastani wa miaka mitatu, maana mwaka mmoja wa mtikisiko wa uchumi hauthibitishi kwamba jambo limekataliwa na wananchi. Na maneno yanayotangulia orodha yaeleze kwa sentensi mbili, katika lugha zinazozungumzwa na wakazi, kwamba fedha ni zako na kwamba kuacha wazi hakuna madhara.

Kwa anayejaza ritani leo, mwenye moyo wa kusaidia programu anayoijua, njia yenye uhakika zaidi ni kuipelekea mchango moja kwa moja. Utafika wote, hauna kima cha chini, na stakabadhi yake inafaa kwa kodi vilevile. Akiutoa aulize wanafunzi wangapi walilipiwa mwaka uliopita, kutoka kaunti zipi, na wangapi wao wasingefika Sacramento bila ufadhili huo. Bunge nalo liulizwe maswali hayo hayo siku litakapoletewa tena mswada wa kuongeza mstari mwingine kwenye Fomu 540.